Jicho la Kushoto la Asifiwe

Tuliondoka Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, kwa sababu ya jicho moja. Halikuwa langu. Yangu, namshukuru Mungu, bado yanaliona tundu la sindano, ingawa siku hizi yanalitafuta kwanza. Jicho lenyewe lilikuwa la mjukuu wangu Asifiwe, binti wa Solange. Solange ni mtoto wa marehemu mdogo wangu niliyetoka naye Bukavu, Kongo, kwa hiyo ananiita mama mkubwa (wengine huniita Mama Pascal), na mimi namgombeza kama niliyemzaa mwenyewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, na Asifiwe alikuwa na miezi saba. Alipozaliwa, macho yake yalikuwa yakienda kila moja njia yake, na hakuna aliyeshtuka, maana vichanga wengi huanza hivyo. Kisha jicho la kulia likatulia na kumtazama mtu sawasawa. La kushoto likageukia puani na kubaki huko asubuhi hadi jioni. Wamama wa kwaya yetu walikuwa na maelezo tele. Mmoja alisema Solange alipokuwa na mimba alimcheka mtu mwenye makengeza sokoni. Mwingine alisema kosa ni la kitanda, kwamba mlango uko upande mmoja tu na mtoto anafuata mwanga. Kitanda tukakigeuza. Jicho halikugeuka.

Dieudonné, baba wa mtoto, ni kinyozi na mtu wa maneno machache. Yeye alisema litanyooka lenyewe mtoto akikua. Muuguzi wa zahanati ya kambini ndiye aliyekata maneno. Alituambia kwamba miezi mitatu ya kwanza macho yakiyumbayumba si neno, lakini jicho linalokaa limepinda baada ya hapo halisubiriwi. Shida si uzuri wa sura, alisema. Jicho likiachwa hivyo linaweza kupoteza kuona, na mtoto akishakua haliwezi kufundishwa tena kwa urahisi. Akatuandikia twende hospitali ya Lilongwe, na ruhusa ya kutoka kambini ikapatikana.

Niliamua kumsindikiza Solange kwa sababu tatu. Kwanza, nazungumza Chichewa, lugha ya wenyeji, kiasi cha kumpima mteja kiuno bila kugombana naye. Pili, nilikuwa nimemaliza kushona sare za kwaya ya watu wetu wanaokaa Nsungwi, hukohuko Lilongwe, na nilitaka kuzifikisha mwenyewe. Ya tatu ndiyo kubwa: Solange hawezi kumkatalia mtu jambo lolote. Ukimwomba chumvi atakupa na sufuria. Sikutaka msichana wa namna hiyo asimame peke yake mbele ya madaktari na makarani.

Alfajiri, Dzaleka. Wamama walikuwa wanaanza kupuliza makaa kwenye majiko ya mbabula, na baridi ya mwezi wa sita ilikuwa inauma vidole. Dieudonné alitusindikiza hadi walipokaa vijana wa kabaza, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli. Alimshika Asifiwe kwa muda, akamgeuza huku na huku kama anayekagua kichwa alichokwisha kunyoa, kisha akamrudisha mgongoni kwa mama yake. Alisema tu twende salama. Solange akapanda baiskeli moja na mtoto, mimi nyingine na furushi la sare kichwani, na ninaomba wasomaji wangu wasilicheke jambo hilo mpaka wamelijaribu.

Barabarani. Kwenye lami tulipata matola, gari la wazi lililokuwa limebeba magunia ya mahindi, tukakaa juu ya magunia pamoja na watu wengine wa vijiji vya jirani. Walikuwa watu wa heshima. Walisalimia, wakamtazama mtoto, wakaliona jicho, wakageuza nyuso zao kwenye mashamba. Nadhani walifanya hivyo kwa wema, lakini Solange aliliona, akachukua ncha ya kitenge na kumfunika mtoto kichwa. Nilimwambia amfunue apate hewa. Akamfunua. Tulipofika Lumbadzi alikuwa amemfunika tena, na safari hii nilimwacha.

Kanengo, pembezoni mwa Lilongwe, tulipaingia jua limeshapanda. Ulikuwa msimu wa tumbaku. Malori yalikuwa yamepanga foleni nje ya maghala yakisubiri kwenda mnadani, na harufu ya majani yale makavu iliingia puani ikakaa. Asifiwe akapiga chafya mfululizo na sote juu ya magunia tukacheka, hata wale waliokuwa wakitazama mashamba. Hapo ndipo Solange alipomfunua kabisa.

Kauma, mchana. Mwenyeji wetu katika mtaa huu wa Lilongwe alikuwa Mama Zuhura. Ni Mkongo mwenzetu wa Kindu, Mwislamu, na zamani nyumba zetu kambini ziligusana ukuta kwa ukuta, mpaka mume wake, Mzee Ramazani, alipoanza kuuza kaunjika, nguo za mitumba, na kuhamishia familia mjini. Alitupokea mlangoni, na kabla hajasema karibu alikuwa amekwisha kumtoa Asifiwe mgongoni kwa mama yake. Tukala nsima, ugali wa huku, kwa sombe ya majani ya muhogo yenye mawese. Sijui mawese aliyapata wapi katika mji ule. Nilimuuliza, akakataa kusema.

Hapa lazima niwaeleze walio mbali desturi yetu moja, kwa sababu safari yote iligeukia hapo. Kwetu mtoto mchanga hana mama mmoja. Kanisani anapita paja kwa paja kuanzia wimbo wa kwanza hadi baraka, na anayempokea akilia kazi yake ni kumnyamazisha. Mwanamke anayekaa kimya huku mtoto analia pembeni yake anasemwa vibaya, na nyumba ambamo mtoto wa mgeni analia inasemwa vibaya zaidi, kwamba labda humo wageni hawalishwi. Sisi wa Bukavu tuko hivyo, na watu wa Kindu ni hivyohivyo. Tumepoteza vingi njiani, lakini hicho tulikibeba kikafika kizima.

Jumatatu asubuhi, hospitali. Tulikaa kwenye benchi muda mrefu, tukisogea nafasi moja baada ya nyingine. Aliyetupokea kwenye chumba cha macho alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sweta juu ya koti jeupe, na kila mtu alimwita Amayi tu, yaani mama. Alizungumza Chichewa cha polepole kwa ajili yangu, nami nikamtafsiria Solange.

Kwanza aliwasha tochi ndogo na kuishika mbele ya uso wa mtoto. Alinionyesha pale mwanga ulipong'aa machoni. Katika jicho la kulia, nukta ya mwanga ilikaa katikati ya mboni. Katika la kushoto ilikaa pembeni, upande wa sikio. Alisema wako watoto wanaoletwa kwake ambao hawana kasoro yoyote, ni pua tu pana kati ya macho inayowafanya waonekane na makengeza, na nukta hiyo ndiyo inayomwambia ukweli. Wa kwetu jicho lilikuwa limepinda kweli.

Kisha akaziba jicho la kushoto kwa kiganja. Asifiwe akaendelea kutafuna kamba ya tochi. Akaziba la kulia. Mtoto akapiga kelele, akausukuma ule mkono kwa nguvu zote. Amayi akarudia, na mtoto akarudia. Baadaye alimtia matone ya kupanua mboni, tukasubiri nje, tukarudi ndani akatazama kwa taa na vioo vyake vidogo. Alisema ndani jicho ni zima na miwani haihitajiki kwa sasa.

Alitueleza bila haraka. Macho yasipotazama pamoja, kila moja linapeleka picha yake, na ubongo wa mtoto unachagua picha ya jicho lililonyooka na kuipuuza ya lile lingine. Jicho linalopuuzwa siku nyingi linazoea kutoona. Upasuaji wa kurekebisha misuli ya jicho upo, na huenda Asifiwe akauhitaji siku moja. Lakini kwanza jicho la kushoto lifundishwe kuona, kwa sababu kunyoosha jicho lisiloona ni kumrembesha mtoto tu. Dawa yake ni kulifunika jicho la kulia, lile zima, kila siku tangu mtoto anapoamka hadi chakula cha mchana, ili la kushoto likose pa kujificha.

Solange alinivuta mkono. Alidhani nimetafsiri vibaya.

“Mama mukubwa, jicho yenye inaona njo tufunge?”

Nikamuuliza Amayi mara ya pili kama kweli tufunge jicho linaloona. Hakuchukia. Alisema kila mama anauliza hivyo. Akabandika pamba laini kwenye jicho la kulia kwa sparadra, yaani plasta, na Asifiwe akaanza kilio ambacho nadhani kilisikika hadi getini. Amayi akanawa mikono, akasema maneno mawili ambayo hayakuhitaji kutafsiriwa, kwani aliyasema kwa mikono pia, viganja chini, kwa utulivu: “Mulekeni alire.” Mwacheni alie. Akatutaka turudi baada ya wiki moja.

Kauma, siku zilizofuata. Asubuhi ya kwanza nilikuwepo mwenyewe, na sitaki kuwaficha kwamba ilikuwa ngumu. Asifiwe alilia mpaka sauti ikakauka. Alikuwa anajigonga kifuani kwa mama yake kama mtu anayetafuta mlango. Majirani walikuja mmoja mmoja kuuliza kulikoni, wengine wenyeji wa hapo, wengine watu wetu, na kila mmoja alinyoosha mikono kumchukua. Mama Zuhura alizunguka uani akisema maneno ya sala kwa sauti ya chini. Ilipofika saa ya chakula nilibandua pamba, kilio kikakatika, na nyumba nzima ikakaa chini.

Kesho yake nililazimika kwenda Nsungwi na sare zangu. Nilidhani ni kazi ya kukabidhi na kunywa chai. Kumbe waimbaji wa besi walikuwa wamenenepa tangu waliponitumia vipimo, hasa mwenyekiti wao, mtu mwenye sauti nzuri na tumbo linaloistahili. Nikakaa kwenye cherehani ya kuazima kufumua na kupanua, na hivyo kila asubuhi hadi Ijumaa nilikuwa Nsungwi, narudi Kauma alasiri. Kila jioni nilimuuliza Solange mtoto ameshindaje na kibandiko. Alinijibu kwamba amelia kidogo tu. Nilifurahi sana. Nilisema moyoni kwamba Mungu ametuonea huruma na jicho linajifunza upesi kuliko tulivyoambiwa.

Ijumaa, Kauma. Mwenyekiti wa besi hatimaye aliweza kufunga vifungo vyote, nikarudi kabla ya saa sita. Kutoka njiani sikusikia kilio. Niliingia uani nikitabasamu. Asifiwe alikuwa mapajani pa Mama Zuhura, anatafuna kipande cha kiazi kitamu kilichopondwa, anacheka. Solange alikuwa anaosha vyombo. Kibandiko kilikuwa mahali pake, kimebandikwa vizuri kabisa, kwenye jicho la kushoto.

Nilikasirika, nasema wazi. Nilimkasirikia Solange, kwa kuwa mwenyeji hakasirikiwi. Nilimuuliza ni tangu lini. Aliendelea kusugua sufuria lililokuwa limeshatakata. Aliyejibu ni Mama Zuhura, na hakuwa na haya hata kidogo, maana alijua amefanya wema.

“Ni miye nimeigeuza, tangu siku ile umeenda Nsungwi,” alisema. “Mutoto alikuwa analia sana. Mama Pascal, hata kuku akivunjika muguu, unafunga ule muguu wenye kuvunjika. Haufunge ule muzima.”

“Na we, Solange, ukamutazama tu?” nilimuuliza.

“Mama mukubwa, ningemuambia nini? Njo anatulalisha, njo anatukulisha. Na mutoto alinyamaza.”

Nilikaa kwenye mkeka. Hasira ilikuwa bado ipo lakini haikuwa na pa kwenda. Mama Zuhura alikuwa ametufungulia nyumba yake, alikuwa anambeba mtoto wetu tangu asubuhi, na alichokifanya ndicho ambacho kila mwanamke wa kwetu angekifanya. Na Solange angewezaje kumkataza mtu mzima ndani ya nyumba yake? Hata hivyo siku tatu zilikuwa zimekwenda bure, tena vibaya kuliko bure, kwa sababu jicho lililotakiwa kufundishwa ndilo lililokuwa limefungiwa gizani.

Sikutaka ubishi. Mimi nikibishana na mteja kuhusu nguo, namvalisha aone mwenyewe. Nikamwomba Mama Zuhura aendelee kumpakata mtoto vilevile. Nikamwomba Solange aje akae mbele yao, karibu, asimguse mtoto wala asitoe sauti. Nikabandua pamba ya kushoto na kufunika jicho la kulia.

Asifiwe akaanza kulia papo hapo. Uso wake ukapita mbele ya uso wa mama yake ukaenda ukutani, ukarudi, ukapita tena. Mikono ilipapasa upande ambao hakukuwa na mtu. Solange alikuwa karibu kiasi cha kuguswa. Alimtabasamia, kama mama yeyote anavyofanya mtoto akimgeukia, na mtoto hakulipokea tabasamu lile. Akajaribu tena, akainamisha kichwa ili awe mbele ya jicho lile. Jicho likampita.

Nikabandua. Mara ile ile Asifiwe akamwona, kilio kikakatika katikati, akamrukia.

Mama Zuhura ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya chini. “Kumbe hamuone mama yake.”

Solange alikuwa amemkumbatia mtoto, kidevu juu ya kichwa chake. “Mi nilizania analia juu ya sparadra,” alisema. “Kumbe analia juu hanione.”

Nililia, na Mama Zuhura alilia, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile mtoto ndiye aliyekuwa amenyamaza peke yake. Kisha Solange akafuta uso, akachukua pamba mpya, akaibandika yeye mwenyewe kwenye jicho la kulia. Ulikuwa umebaki muda kidogo kabla ya chakula cha mchana, na muda huo wote mtoto alilia na mama yake alikaa mbele yake akimwimbia, akisogeza mbele ya lile jicho kijiko, kisha kitenge chekundu, kisha uso wake.

Kuanzia siku ile Mama Zuhura alibadilika kuwa askari. Alihamishia kigoda chake mlangoni, na kila jirani aliyekuja na mikono iliyonyooshwa alikaribishwa hapohapo, akapewa kiazi kitamu, akaelezwa habari ya jicho tangu mwanzo hadi mwisho. Nilimsikia akieleza kwa Kiswahili, kwa Chichewa chake kibaya kuliko changu, na mara moja kwa Kiarabu cha sala, sijui kwa manufaa ya nani. Hakuna aliyempita akafika kwa mtoto.

Jumatatu ya pili, hospitali. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuisawazisha habari ile, lakini Solange alinitangulia. Kwa Chichewa cha kuokoteza alimwambia Amayi kwamba siku tatu walifunga jicho lisilotakiwa. Amayi alisikiliza, akauliza nani alihamisha, akajibiwa kwamba ni mwenyeji, kwa huruma. Akatikisa kichwa polepole na kusema kwamba huruma ndiyo inayomharibia kazi kuliko uzembe. Akatushukuru kwa kusema ukweli. Halafu akaziba jicho la kulia na kuwasha tochi. Kwa muda mfupi tu, wa kuvuta pumzi moja, jicho la kushoto lilitoka puani, likaushika mwanga, kisha likarudi. Amayi alisema tusiuite muujiza. Siku chache haziponyi chochote. Ila limejibu, na jicho linalojibu lina kazi ya kufanyiwa. Tuendelee nyumbani, na tuwe tunarudi kliniki kwa tarehe tutakazopewa.

Safari ya kurudi. Tuliagana na Mama Zuhura asubuhi, na matola tuliyopata Kanengo ilikuwa imebeba mbao. Solange hakungoja kufika nyumbani. Alifunika jicho la kulia la mtoto palepale juu ya mbao. Kilio kilianza kabla hatujafika Lumbadzi. Mwanamke mmoja aliyekaa mkabala nasi alinyoosha mikono na kusema mtoto analia, amsaidie. Solange alimtazama vizuri, akasema zikomo, asante, na akabaki na mtoto wake. Alisema hivyo kwa mwanamke wa pili na kwa mzee mmoja pia. Mara hii hakuna kitenge kilichofunika kichwa cha mtu.

Dzaleka, Jumapili. Nilichokiogopa zaidi ni kanisa. Mwenyeji mmoja mwenye huruma alitosha kutuharibia siku tatu, na kanisani kwetu wako benchi baada ya benchi. Solange alikuwa amelifikiria hilo kabla yangu. Wakati wa matangazo alisimama, yeye ambaye hata kwenye kwaya huimba kwa sauti ya kufichwa nyuma ya wenzake. Asifiwe alikuwa mikononi mwake na kibandiko jichoni, analia.

“Bamama, najua munamupenda,” alisema. “Hii jicho tumefunga njo inaona. Hii ingine haijajua kuniona. Akilia musimutwae, na musiguse sparadra. Mumuache alie. Ile njo dawa yake.”

Akakaa. Nilitazama nyuso za wanawake wale. Mikono ilikuwa inawawasha, niliiona ikijishika yenyewe juu ya mapaja. Yule aliyesema habari ya kucheka mtu sokoni aliinamisha macho. Dieudonné, upande wa wanaume, alikuwa amenyoosha shingo kama aliyetajwa kwa sifa. Mtoto alilia katika somo, akalia katika sadaka, na kwaya ikachagua wimbo wenye sauti kubwa kuliko yake. Hakuna aliyemchukua. Kwa watu wetu sikumbuki kuona upendo mgumu kuliko ule.

Tangu hapo tumerudi Lilongwe mara kadhaa, na Amayi ametuambia kwamba upasuaji wa misuli utafikiriwa jicho likishapata nguvu. Bado limepinda. Niliyojifunza naweza kumwambia mama yeyote kwa maneno machache. Mtoto akiwa mchanga, macho yakiyumba, usihangaike. Yakiendelea baada ya miezi ile ya kwanza, usigeuze kitanda, mpeleke. Na ukiambiwa ufunge jicho zima, funga hilohilo, hata kama nyumba nzima ina huruma. La mwisho sikuambiwa hospitalini: mimi na wenzangu tulikuwa tumezoea kunyamazisha kilio bila kukiuliza kinasema nini.

Na sasa niwaeleze asubuhi moja, wiki nyingi baada ya safari ile ya kwanza. Nilikuwa kwenye cherehani yangu. Kilio cha Asifiwe kutoka nyumba ya pili ndicho kilikuwa saa yangu ya asubuhi, na asubuhi hiyo hakikuwepo. Nilijua kimya kile maana yake ni nini. Niliinuka na futi shingoni na chaki mkononi, nikavuka uwanja nikiwa nimekunja uso, na wanaonifahamu wanasema uso wangu nikiukunja unakausha nguo bila jua. Nilisimama mlangoni pa Solange nikatafuta cha kuanza nacho.

Solange alikuwa amenipa mgongo, anachambua maharagwe. Asifiwe alikuwa amekaa mkekani na bakuli la plastiki, kimya. Kibandiko kilikuwa kwenye jicho la kulia, kimekaza pande zote. Sikuwa nimetoa sauti. Mtoto aliinua kichwa, na jicho lake la kushoto likatoka puani, likaja hadi mlangoni, likapanda taratibu kutoka sketi yangu hadi usoni, likasimama hapo. Alinitazama. Akaitazama ile sura yangu yote. Kisha midomo yake ikapinda, na akaangua kilio.

Solange aligeuka, akanitazama mimi, akamtazama yeye. Akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

“Mama mukubwa,” alisema, “njo weye iko anaogopa. Amekuona.”